Miaka Saba ya Iman

Mbarouk hakuwa mtu wa kukipita kitu bila kukiuliza. Ukimkaribisha chai kwako, kwanza atataka kujua birika lako linajizima vipi maji yakishachemka, ndipo anywe. Alikuwa fundi wa cherehani. Alikodi chumba nyuma ya duka la vitambaa katika barabara ya Alum Rock, na wenye viwanda vidogo vya nguo wa mitaa ile wote walimjua. Cherehani iliyowashinda wengine ikiletwa kwake, hakukimbilia kuifungua. Alikaa mbele yake, akalizungusha gurudumu kwa kidole polepole, huku ametega sikio. Kisha yakaanza maswali: nani anaitumia, anashona nini, ilianza kulia hivi tangu lini. Wateja wengine walichoka naye, lakini cherehani zilipona.

Sasa mtu wa namna hii, aliyeumbwa na ulimi wa kuuliza, alikuwa na jambo moja alilolikalia kimya miaka na miaka bila kumuuliza kiumbe. Jambo lenyewe lilikuwa binti yake.

Alimwoa Nunu huko kwao Chake Chake, wakaja Uingereza pamoja, na Iman akazaliwa hapa hapa Birmingham. Mtoto alipoanza kutembea vizuri, wazazi wakaachana. Sababu zilikuwa zao, na wala hazikuwa ngeni: uchovu, baridi, ndugu wa huku na ndugu wa kule, maneno yaliyosemwa yasirudi. Nunu aliondoka na mtoto katika nyumba yao ya Winson Green, akahamia Bordesley Green karibu na dada yake. Idi mbili za mwanzo alimleta Iman kwa baba yake amevaa nguo mpya. Idi ya tatu hakumleta. Mbarouk hakwenda kubisha mlango.

Msije mkadhani alikuwa mtoro wa majukumu, maana wapo wa aina hiyo, na mji huu una hisa yake. Shirika la serikali la matunzo ya watoto lilipomtaka aeleze pato lake, alieleza lote. Likamkadiria fungu lake, akawa analitoa kila wiki kama anavyolipa kodi ya chumba. Hakusukumwa wala hakukumbushwa. Alichokuwa hakifanyi ni kumwona mwanawe.

Na hapa ndipo ilipo ajabu yake. Mbarouk hakukaa mbali kwa kutojali. Alikaa mbali kwa adabu. Kwao Pemba, wazazi wakiachana, mtoto mdogo ni wa mama mpaka atimie miaka saba, umri wa kupambanua mambo. Akitimia saba hupelekwa kwa kadhi akaulizwa: unataka kwa baba au kwa mama? Atakakosema, huko ndiko atakakokaa. Mbarouk aliijua sheria hii si kwa kuhadithiwa. Yeye mwenyewe alisimamishwa pale, kichwa hakijafika ukingo wa meza, baba yake kushoto, mama yake kulia, na nje, ukutani mwa mahakama, baba ameegemeza baiskeli nyekundu mpya. Mtoto alisema baba. Mama yake aliliweka vizuri buibui lake, akamshika kichwa kidogo, akaenda zake. Hata leo ukimuuliza atakwambia ile baiskeli ilikuwa nzuri mno, halafu atatafuta bisibisi.

Kwa hiyo alingoja. Subira yavuta heri, alijiambia, na akaamini heri yake itafika mwezi wa sita mwaka 2006, Iman atakapotimia saba. Alikuwa na hofu pia, na hofu ile ndiyo iliyompeleka dukani kabla ya wakati. Alinunua baiskeli ya rangi ya zambarau yenye kikapu cheupe mbele, akaitundika kwenye kulabu juu ya meza yake ya kazi. Akiinamisha kichwa anaona cherehani, akiinua anaona magurudumu. Ikakaa pale juu misimu ikipita, naye kila mwezi akiifuta vumbi.

Aliyeitibua subira ile ni Kulwant. Huyu alikuwa mama wa Kisingasinga mwenye kiwanda cha kushona suti za kike, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili alichotoka nacho huko hakukibadilisha hata nukta. Alikuja kuchukua ovaloki yake, ile cherehani ya kufunga pindo za nguo, akainua macho.

"Fundi, hii baiskeli ya nani? Kila siku mimi naona, hapana shuka."

"Ya binti yangu, Bi Kulwant. Akitimia saba nitamfuata."

"Sasa yeye iko wapi? Africa?"

"La. Yuko Bordesley Green, kwa mama yake."

Kulwant aliiweka ovaloki chini. Kutoka pale walipokuwa, mtu akitoka kwa miguu anafika Bordesley Green kabla chai ya chupa haijapoa.

"Pesa ya toto natoa?"

"Kila wiki."

"Kila wiki," alisema Kulwant. "Sasa wewe nanunua tikiti ya sinema, halafu nasimama nje ya mlango, nasikiliza wengine nacheka."

Akacheka yeye, akabeba mashine yake, akaenda. Lakini Mbarouk alibaki amekaa, na kile kitu ndani yake kilichokuwa kikiuliza habari za mabirika kikaamka na kugeukia upande wa pili. Hapa Uingereza huendaje? Nani huamua? Kuna kadhi wao? Alijishangaa kwamba hajawahi kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na yeye msemo huu ndio aliokuwa akiwatania nao vijana wa viwandani.

Wiki ile ile akaenda kwenye ofisi ya ushauri wa bure, chumba kidogo chenye viti vya plastiki na redieta ya kupasha joto inayogonga. Alimkuta Truphosa, mwanamke wa Kakamega aliyekuwa akiwashauri Waafrika Mashariki mambo ya nyumba, shule na mahakama. Truphosa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti mbele.

"Skiza, Baba Iman. Hizo ni vitu mbili tofauti kabisa. Pesa ni haki ya mtoto, na kuonana pia ni haki ya mtoto. Hakuna moja inanunua ingine."

"Kwa hiyo nisingelipa, ningeruhusiwa kumwona vile vile?"

"Mahakama haiwezi kukunyima mtoto juu ya deni peke yake. Deni utafuatwa nalo kando. Na baba naye hawezi kusema, kwa sababu ananinyima mtoto, basi mimi sitoi. Wengi huku hufanya hivyo, wanaume kwa wanawake, na wote wanakosea."

Swali la kwanza likazaa la pili. Mbarouk alitaka kujua lile fungu wanalikata vipi, na Truphosa akamweleza kwamba wanaangalia pato linalobaki baada ya kodi na idadi ya watoto, na kwamba mtoto akiwa analala kwa baba usiku mmoja hivi kila wiki kwa mwaka mzima, fungu linapungua, maana usiku huo baba ndiye anayemlisha. Hilo lilimpendeza Mbarouk. Aliliona limepimwa vizuri. Akauliza kama mama akikataa kuonana inakuwaje, akaambiwa kwanza watajaribu mpatanishi, na ikishindikana ataomba amri ya mahakama ya kumwona mtoto. Ndipo akauliza swali alilokuja nalo.

"Na wa kike huenda kwa baba akiwa na umri gani?"

"Umri aje?"

"Umri. Kwetu ni saba. Hapa ni ngapi?"

"Hapa hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Baba Iman. Mtoto hana tarehe ya kuhama. Angeweza kuwa anakuona tangu akiwa wa mwaka mmoja. Angekuona wiki jana."

Redieta iligonga. Mbarouk aliitazama, na kwa mara ya kwanza hakutaka kujua kwa nini inagonga.

"Sasa mie nilikuwa nangoja nini?"

"Mimi ndio nilitaka kukuuliza hivyo," alisema Truphosa, na hakusema kwa ubaya.

Mpatanishi alimwita Nunu, Nunu hakuja. Kwa hiyo mambo yakaenda mahakamani, na Mbarouk alikwenda macho wazi kama mgeni sokoni. Alitazamia meza ndefu na mtu wa joho. Akakuta chumba cha kawaida chenye zulia la kijivu, afisa wa ustawi wa watoto, mama wa makamo aliyevaa sweta, na mkalimani. Hakimu, waliambiwa, wangemwona baadaye. Kwanza wazungumze hapa, huenda wakaelewana. Mbarouk akapenda jambo hili pia: mahakama inayowaomba watu wasiihitaji.

Nunu alikuwa ameketi upande wa pili, koti limefungwa vifungo vyote. Alikonda. Hakumwangalia Mbarouk usoni, ila alimjibu salamu yake.

Mkalimani alikuwa bwana mmoja Mkongomani wa Bukavu, mpole, mwenye tai. Mahakama iliomba mtu wa Kiswahili, ikapata mtu wa Kiswahili, na haikuwa na habari kwamba kati ya Bukavu na Pemba kuna safari. Hata hivyo alianza vizuri. Afisa alimuuliza Nunu kwa nini aliacha kumpeleka mtoto kwa baba yake. Je, alimdhuru? Alimtisha?

"Hajamdhuru," alisema Nunu. "Hata mie hajanidhuru, siwezi kumsingizia. Nilimzuia kwa sababu alikuwa anamzoea. Kila akitoka kwake anarudi anamtaja yeye tu. Nikaona akimzoea, siku ikifika ya kuulizwa atasema baba. Basi nikasema heri asimjue."

Mkalimani alifasiri, afisa akaandika. Nunu akaendelea.

"Tangu alipotimia sita, mie silali. Kengele ya mlango ikilia, nasema huyo kaja kumchukua. Siku yake ya kuzaliwa mwaka huu sikumfanyia hata keki. Nilimwambia tutafanya siku nyingine."

Afisa akamgeukia Mbarouk. Yeye hakuzuiwa na mtu kuja mahakamani. Kwa nini alikaa kimya muda wote ule, halafu akaja sasa?

"Nilikuwa nangoja atimie saba," alisema Mbarouk.

Mkalimani hakufasiri. Akawatazama wote wawili.

"Pardon, baba. Ile saba, ni nini? Mama anaiogopa, weye unaingojea. Niambieni, nifasirie nini?"

Wakamweleza. Mbarouk akaanza na kadhi, Nunu akaongeza umri wa kupambanua, Mbarouk akasema mtoto huulizwa, Nunu akasema huulizwa mbele yao wote wawili, na huyu akisahau neno yule analitia. Ilikuwa zamani sana tangu wasimulie kitu kimoja kwa pamoja. Mkalimani alipomaliza kuyapeleka kwa Kiingereza, afisa aliweka kalamu chini.

Akasema anaielewa mila ile na hana neno nayo. Ila anataka kujua, hapa Birmingham nani aliwaambia kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Nunu alimtazama Mbarouk, Mbarouk akamtazama Nunu, na kila mmoja aliona kwa mwenzake mtu ambaye hakuambiwa na yeyote. Mmoja alikimbia ile saba, mwingine aliikimbilia, na mji mzima huu hakuna aliyekuwa akiijua isipokuwa wao wawili.

"Na Iman," aliuliza Mbarouk, "yeye hataulizwa achague?"

Afisa akajibu kwamba mtoto husikilizwa. Ikibidi, yeye mwenyewe atamwendea shuleni akae naye, wachore, wazungumze, ajue anajisikiaje, na atalipima kwa umri wake. Lakini hasimamishwi katikati ya wazazi akaambiwa ataje mmoja. Kuamua ni kazi ya wakubwa, alisema, na mtoto si haki abebeshwe.

Mbarouk aliyasikia kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili cha Bukavu, na mara ya pili ndiyo iliyompata.

"Mie nilibebeshwa," alisema.

Hakuwa amekusudia kusema. Akaeleza kwa ufupi, macho yakiwa kwenye zulia: ukuta, baiskeli nyekundu, buibui la mama yake. Mkalimani alifasiri kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. Ilimuuma Mbarouk kuisikia habari yake ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, ikawa fupi hivyo na mbaya hivyo.

"Hujapata kunambia," alisema Nunu.

"Sijapata kumwambia mtu."

Nunu alifungua kifungo cha juu cha koti lake. Akamwambia afisa kwamba kama hakuna kuchagua, na kama mtoto atarudi nyumbani, yeye hana sababu ya kumzuia. Ila waanze taratibu, mahali penye watu. Hakimu akayakubali waliyokubaliana, na hayakumchukua muda.

Mahali penye watu palikuwa kituo cha kukutanishia watoto na wazazi, Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa. Mbarouk hakuwa amewahi kuingia kanisani, akasimama mlangoni akijiuliza kama kuna cha kuvua. Ndani alikuta meza za kuchorea, dumu la juisi, treni za mbao, na wazee wawili wa kujitolea wakigawa biskuti. Na akina baba. Alikuwepo Mjamaika mrefu akisukwa nywele za bandia na binti yake, Mwingereza wa michoro ya shingoni akilisha mdoli uji, kijana wa Kipunjabi amekaa peke yake anaangalia saa. Mama huingia kwa mlango mmoja na baba kwa mwingine, ili wasiotaka kuonana wasionane. Mbarouk aliuliza nani aliyelibuni hilo, akaambiwa hakuna anayekumbuka. Alikuwa ameishi mji huu miaka yote hiyo na hakujua kwamba kuna chumba kizima cha watu wenye kidonda chake.

Kisha Iman akaingia.

Alikuwa mrefu. Hilo ndilo lililomjia kwanza, na akaona aibu kwamba halikuwa jingine. Alikuwa na mdomo wa Nunu na hatua za haraka. Nunu alisimama nyuma yake mlangoni, akamwambia, "Huyo ni babako, mwamkie," kisha akaondoka bila kugeuka.

"Shikamoo," alisema Iman, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza na la mwisho la Kiswahili kwa siku ile. Alikielewa chote, lakini majibu yalitoka kwa Kiingereza cha Birmingham, na Mbarouk hakumkatiza.

Aliwaomba wazee wa biskuti ruhusa, wakampa, akamchukua mtoto hadi kwenye ua mdogo wa saruji ndani ya uzio, alikokuwa ameiegemeza baiskeli ya zambarau. Iman akaizunguka. Akabonyeza kengele, akainama kutazama ndani yake.

"Kinacholia ni nini?"

"Kuna meno madogo ndani, yanapiga kikombe hiki."

"Unaweza kuifungua nione?"

Mbarouk alifurahi mno. Huyu ni wangu, alisema moyoni. Akatoa bisibisi, kwa kuwa haendi popote bila bisibisi, wakaifungua, wakayahesabu meno, wakaifunga. Iman akauliza kwa nini mnyororo una mafuta na kikapu hakina. Akauliza kwa nini watu wanaoendesha polepole huanguka. Kila jibu lilipokelewa na swali jingine.

Halafu akaipanda. Magoti yakagonga usukani.

Alijaribu kuyapanua, yakagonga kwa nje. Mbarouk akasema ngoja, akalegeza kiti, akakipandisha mpaka chuma kikaonyesha alama ya mwisho. Iman akapanda tena, akazunguka ua mara moja amejikunja, akarudi akasimama mbele yake, mguu mmoja chini.

"Uliinunua lini?"

"Ulipokuwa na miaka mitano."

"Wakati ule ingenitosha?"

"Ingekutosha sawasawa."

Iman aliliwaza hilo. Kidole chake kilikuwa juu ya kengele lakini hakuibonyeza.

"Sasa mbona hukuja wakati ule?"

Mbarouk alikuwa amelieleza jambo hili kwa Truphosa, kwa afisa, na kwa hakimu kwa kinywa cha mkalimani, na wote walimwelewa. Alitafuta maneno yale yale, ya Pemba na kadhi na umri wa kupambanua, akayaona hayafai kumpa mtoto aliyekaa juu ya baiskeli ndogo.

"Nilidhani najua," alisema. "Ndiyo maana sikuuliza."

"Ungeniuliza mimi," alisema Iman. "Ningekwambia uje."